Bareti Hazikuwa na Kosa

Mashini ya biro yetu, yaani kompyuta, ni ya mwaka 2009. Najua kwa sababu karatasi ya kuinunulia ninaitunza mimi, pamoja na za matairi na za mafuta. Sisi ni wakala wadogo wa forodha hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba. Lori likishajipanga kwenye mstari kule Kasumbalesa, mpakani na Zambia, dereva ananipigia simu mimi, na karatasi zake zinatakiwa ziwe tayari. Mwezi wa saba uliopita mashini hiyo ilianza kunitia aibu mbele ya madereva.

Asubuhi inawaka vizuri. Ikifika saa nne inakuwa nzito kama bukari (ugali) ya jana. Nafungua Excel, chai inapoa, Excel bado. Halafu, si kila siku, skrini inageuka buluu na kila nilichokuwa sijahifadhi kimekwenda. Siku nyingine haiwaki kabisa: inalia tiii, tiii, tiii, milio mirefu, na skrini nyeusi.

Kila mtu alikuwa na jibu. Papa, ndivyo tunavyomwita bosi, alisema ni virusi, akaleta antivirusi ya pili ikawekwa juu ya ile iliyokuwepo. Sentineli, mlinzi wetu, alisema mashini imechoka, kama yeye. Kijana mmoja wa duka mjini, bila hata kuiona, alisema, "Mama, hiyo ni memori tu, ongeza bareti." Bareti ni kile kipande chembamba cha memori kinachochomekwa ndani ya mashini. Akaniuzia ya giga 2 kwa dola 15. Nikafika nayo biro, haiingii. Nasukuma, haiingii. Nikailaza kando ya ya zamani: urefu ni mmoja, meno ni 240 kwa zote mbili, ila kale kapengo ka katikati hakapo mahali pamoja. Mashini yetu inatumia memori ya aina ya DDR2, na yeye alikuwa amenipa DDR3. Niliporudi dukani akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: kilichouzwa hakirudishwi.

Basi nikaamua kuitazama mwenyewe, jioni baada ya kazi.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba yalikuwa magonjwa mawili, na sisi sote tuliyaita jina moja. Memori ndogo si memori mbovu. Memori ndogo inaleta uzito. Ni kama mama anayeuza soko la Kenya, hapa mjini kwetu, kwenye kimeza kidogo: mteja akitaka kitu ambacho hakipo mezani, lazima akimbie dipo (ghala), arudishe hiki, alete kile, na wateja wanangoja. Dipo la mashini ni diski. Memori ikijaa, Windows inahamishia vitu kwenye diski, na ndiyo maana ile taa ndogo ya diski ilikuwa inawaka bila kupumzika kuanzia saa nne. Memori mbovu ni kitu kingine: umeiwekea moja, inakurudishia sifuri. Hapo ndipo skrini inageuka buluu.

Uzito niliumaliza kwa siku moja. Nikabonyeza Ctrl+Shift+Esc, ikafunguka orodha ya programu, nikatazama nani anakula memori kiasi gani. Antivirusi mbili zilikuwa zinachunguzana kama wake wenza. Kivinjari kilikuwa na kurasa zaidi ya ishirini, nyingine za Papa za matokeo ya mpira, na Sydonia yenyewe, programu yetu ya forodha, nayo inataka programu nyingine, Java, iendeshe pembeni. Nikatoa antivirusi moja (kimya kimya), nikazuia programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi, mambo yakawa afadhali.

Papa akaona kwenye skrini kwamba tuna giga 4, lakini zinazotumika ni 3.24. "Wametuibia!" Hapana, Papa. Windows 7 yetu ni ya biti 32, na biti 32 haziwezi kuhesabu zaidi ya anwani 4,294,967,296 za memori, yaani giga 4. Katika hizo, kadi ya picha na vifaa vingine vinachukua fungu lao. Maana yake hata bareti ya dola 15 ingeingia, isingetuongezea kitu. Hilo sikumwambia.

Ikabaki skrini ya buluu. Kwa ugonjwa huo kuna Memtest86+, programu ya bure inayowekwa kwenye kle ya USB (flashi) na kufanya kazi kabla Windows haijaamka. Inaandika na kusoma kila kona ya memori, na ikikuta kosa inalionyesha kwa rangi nyekundu. Shida ni kwamba inataka muda, na usiku kwetu ni delestaji, mgao wa umeme. Mara mbili niliiacha ikifanya kazi, mara mbili umeme ukakatika, na onduleri yetu, ile betri ya akiba, inavumilia dakika sita tu. Mwishowe nilikwenda Jumapili baada ya misa, na chakula kwenye bakuli.

Bareti mbili pamoja: nyekundu tele. Nikatoa moja, nikaacha moja kwenye sloti (tundu la kuichomekea) ya kwanza: safi. Nikabadilisha, nikaweka ya pili kwenye sloti hiyohiyo: safi pia. Hapo nikakaa. Kama zote mbili ni nzima, mgonjwa ni nani? Nikachukua bareti moja nikaiweka peke yake kwenye sloti ya pili. Haikumaliza hata dakika kumi, nyekundu.

Nikamulika ndani ya ile sloti kwa taa ya simu. Vumbi. Vumbi letu jekundu, lile linalopakwa na malori kila kiangazi mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Miaka yote mashini imekaa chini, karibu na mlango.

Kabla ya kugusa kitu nilichomoa waya wa umeme na kuvua sweta. Mwezi wa saba hapa asubuhi ni baridi na hewa ni kavu, ukishika kitasa unasikia cheche. Cheche hiyo hiyo inaweza kuua bareti. Nikashika kwanza chuma cha kasha. Vumbi nikalitoa kwa brashi mpya laini. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Kisha pombe ya famasi kidogo kwenye brashi, ndani ya sloti, na kungoja ikauke. Meno ya bareti nikayasugua taratibu kwa kifutio cha penseli cha mwanangu, nikakung'uta vipande vyote.

Saa tisa nikaanza tena na bareti zote mbili. Saa kumi na mbili na nusu ilikuwa imezunguka mara tatu, makosa sifuri. Umeme ulikatika nikiwa nafunga mlango.

Sasa mashini inakaa juu ya meza, imefunikwa kitambaa ikizimwa, na tangu siku ile sijaona buluu. Papa anasema antivirusi yake ilisaidia. Bareti ya DDR3 bado iko kwenye drowa. Mwenye mashini inayoikubali apite biro, dola 10 tunaelewana.