Mwongozo ulikuwa ndani ya mashine

Juzi mpwa wangu kaniuliza: "Mjomba, hii Linux uliyoniwekea nianzie wapi kuisoma?" Laptopu yake ilikuwa ya Windows 10, iliyoacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na haina sifa za kupokea toleo la 11. Swali lake limenirudisha Aprili 2014, wiki ambayo Windows XP nayo ilifika mwisho tarehe 8, na pale maktaba tukahamia Debian 7, aina mojawapo ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta badala ya Windows.

Usakinishaji naupita haraka. Tulitumia diski ya kwanza tu, bila madirisha wala kipanya, na mashine ilipowaka ilionyesha skrini nyeusi yenye neno login. Mtandao hakuna. Debian 7 ilitenga kando firmware (programu ndogo zinazopakiwa ndani ya kifaa chenyewe) zisizo huru, kwa hiyo dereva wa kadi yetu ya waifai, b43, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi, alikuwepo lakini firmware yake haikuwepo. Amri ya dmesg, inayoonyesha ujumbe wa kiini cha mfumo, ilisema wazi kwamba faili la b43/ucode15.fw halikupatikana. Hapo ndipo anayehamia mfumo mgeni hukwama: kila maelezo anayoyajua yako mtandaoni, na mtandao ndio anaoutafuta.

Ila maelezo ya Debian huja pamoja na mashine. Ukichapa man na jina la amri, ukurasa wake unafunguka bila bando. Kwanza jifunze vitufe: nafasi inakupeleka mbele, mkwaju (/) ukifuatiwa na neno unatafuta, n inaruka penye neno hilo tena, na q inatoka. Nimeona watu wakizima kompyuta nzima kwa kutoijua q. Kisha soma man man, uone kwamba kurasa zimegawiwa kwa namba: 1 ni amri za kila mtu, 5 ni mafaili ya mipangilio, 8 ni amri za msimamizi. Ndiyo maana man passwd inakupa amri ya kubadili nywila, na man 5 passwd inaeleza faili la /etc/passwd. Ukichapa man cd utaambiwa hakuna ukurasa, kwa kuwa cd, amri ya kuhamia folda nyingine, imo ndani ya bash yenyewe, programu inayopokea amri unazochapa. Hiyo unaiulizia kwa help cd.

Kazi iliyokuwa ikingoja jioni ile ni kunakili orodha za vitabu kwenda kwenye flashi. Mwenzangu wa zamu akafungua man cp, ukurasa wa amri ya kunakili, na mstari mmoja ukatushika muda mrefu kuliko kazi yenyewe:

cp [OPTION]... SOURCE... DIRECTORY

Aliusoma kwa sauti, akarudia, akaweka kidole kwenye kioo chini ya zile nukta. Mabano ya mraba yanasema kilichomo si lazima. Nukta tatu zinaruhusu kurudia kilichotangulia. Maneno ya herufi kubwa hayachapwi yalivyo. Ni nafasi za kujaza majina yako. Basi mstari ule unasema: taja vyanzo vingi utakavyo, na folda ije mwisho. Akachapa cp -r (r hunakili folda pamoja na vilivyomo), folda mbili, kisha /mnt, mahali tulipoifungua flashi. Taa ya flashi ikaanza kumeta. Tungetumia -a, inayojaribu kuhifadhi pia mmiliki wa faili, kungetokea malalamiko ya kushindwa kuhifadhi umiliki, kwa sababu flashi yenye mpangilio wa FAT haitunzi mmiliki wa faili. Mtu akishaujua mstari huo mmoja, anaweza kuisoma mistari ya namna hiyo katika maelfu ya kurasa. Sijaona kitabu cha wanaoanza kinachoutanguliza, na naamini kingestahili kuanzia hapo.

Ukurasa wa man, hata hivyo, humsaidia anayejua jina la amri. Asiyejua hutumia apropos, amri inayotafuta kurasa kwa neno. Sisi tulichapa apropos dhcp (DHCP ni njia ya kompyuta kuomba anwani ya mtandao), ikatupa dhclient.conf, na jina hilo likatufikisha kwenye amri ya dhclient. Ikikujibu "nothing appropriate" kwa kila neno, huenda faharasa haijajengwa; endesha mandb kama root, yaani msimamizi, ujaribu tena. Usisahau pia folda ya /usr/share/doc: kila pakeji, yaani programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa, ina folda yake humo, na README.Debian, ikiwepo, inaeleza mambo yanayohusu Debian hasa. Faili likiishia .gz, lisome kwa zless. Uzuri wa maelezo haya ni kwamba yanalingana na toleo ulilo nalo. Ukurasa wa mtandaoni ulioandikwa kwa Ubuntu mpya, aina nyingine ya Linux, utakuelekeza kwenye faili ambalo kwako halipo.

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Tulichomeka simu ya Android kwa waya wa USB na kuwasha USB tethering, ili kompyuta itumie mtandao wa simu. Amri ya ip link ikaonyesha usb0, yaani ile simu, na dhclient usb0 ikaleta anwani. Pakeji ya kuleta ile firmware iko sehemu ya hazina ya Debian iitwayo contrib, basi tukaongeza neno hilo mwishoni mwa mstari wa deb ndani ya /etc/apt/sources.list, kama ukurasa wake wa sehemu ya 5 unavyoeleza. Ikafuata apt-get update, halafu apt-get install firmware-b43-lpphy-installer, kisha modprobe -r b43 na modprobe b43, kumtoa dereva na kumpakia upya. Kadi ya waifai, wlan0, ikatokea.

Linalonisumbua mpaka leo ni lile neno la kutafutia. Apropos husoma mstari mmoja tu wa kila ukurasa, ule wa jina na maelezo mafupi, na mstari huo ni wa Kiingereza. Debian ina manpages-fr ya Kifaransa na manpages-de ya Kijerumani. Kwa Kiswahili tulipata Jambo OpenOffice, programu za ofisi, mwaka 2004, kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nilidhani kurasa hizi zingefuata. Kutafsiri kurasa nzima ni mzigo, na programu ikibadilika tafsiri huchakaa. Mistari ile mifupi pekee ingewezekana, ili anayechapa apropos nakili aipate cp. Tatizo ni kwamba akiufungua ukurasa atakuta mwili wote ni wa Kiingereza, na sijaamua kama huo ni msaada wa kutosha kwa mtu anayeanza.