Ujumbe Usiofutwa kwa Wakati

Jumamosi iliyopita, nilipokuwa nikisubiri unga wa mandazi uumuke jikoni kwangu hapa Kisumu, nilirudia swali ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha nne hawajawahi kuniuliza: jeni ikishanakiliwa kuwa RNA mjumbe, yaani nakala inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, nakala hiyo huondolewaje kazi yake inapokwisha? Sisi walimu husimulia kwa kirefu jinsi ujumbe unavyoandikwa, ilhali wingi wake ndani ya seli hutegemea pia kasi ya kuharibiwa kwake, kama maji ya tangi yanavyotegemea bomba linaloyaingiza na lile linaloyatoa.

Hamira, yaani Saccharomyces cerevisiae, ina jeni zipatazo 6,000. RNA mjumbe zake hutoka katika kiini zikiwa na kofia upande wa mbele na mkia wa adenini upande wa nyuma. Uharibifu huanzia mkiani: kundi la protini liitwalo Ccr4-Not huutafuna mkia hadi ukawa mfupi, kisha kimeng'enya Dcp2, kikishirikiana na Dcp1, huikata kofia, na hapo Xrn1 hupata mwanya wa kuumeza uzi wote kuanzia mbele. Ipo njia ya kuanzia nyuma pia, lakini katika hamira hii ya kofia ndiyo barabara kuu.

Linalonivutia zaidi ni kwamba umri wa nakala hizi haulingani. Baadhi huishi dakika chache, nyingine hupindukia saa moja. Mwaka 2015 maabara ya Jeff Coller nchini Marekani ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo imo katika kodoni zenyewe, yaani yale maneno ya herufi tatu tatu yanayounda ujumbe. Ribosomu, mtambo unaosoma ujumbe na kuunda protini, inapokutana na kodoni ambazo tRNA zake (RNA ndogo zinazoleta asidi amino) ni adimu, hukawia, na protini Not5 ya kundi lile la Ccr4-Not hujishikiza kwenye ribosomu iliyokawia, hivyo msomaji mwenyewe ndiye anayemwita mfutaji.

Sukari nayo hubadili hukumu. Hamira iliyokuzwa kwa gliseroli, chakula kisicho sukari, huhitaji jeni SDH2 kwa ajili ya upumuaji, na RNA yake hudumu muda mrefu. Ikiongezwa glukosi, RNA hiyo huangamizwa ndani ya dakika chache. Kuzima jeni pekee kusingetosha, kwa kuwa nakala za zamani zingeendelea kusomwa. (Nyanya yangu kule Vihiga, akitia kimea cha wimbi katika busaa ili wanga ugeuke sukari, hakujua kwamba alikuwa akitoa amri ya aina hiyo.)

Muhula ujao nitachora ubaoni mshale wa uharibifu, unene sawa na ule wa unakili. Taabu ni mshale wa tatu: tafiti za mwaka 2013 zilionyesha kwamba Xrn1, huyo huyo mlaji wa RNA, huathiri pia kasi ya jeni kunakiliwa ndani ya kiini, na bado sijapata namna ya kuuchora bila kuuvuruga mchoro mzima.