Chaneli ilipozimwa kwenye dishi: jinsi nilivyoirudisha nyumbani

Jioni moja ya Aprili, saa kumi na mbili, Mama aliwasha televisheni kutazama habari akakuta kioo cha buluu chenye maandishi marefu. Aliniita kutoka jikoni: "Mwanangu, yule bwana wa ramani kaenda wapi?"

Bwana wa ramani ni mtangazaji wa hali ya hewa wa kituo cha mji wetu. Tunaishi upande wa Marekani ambako majira ya kuchipua huja na vimbunga vya tonado, vile vinavyozunguka kama pia na kung'oa paa za nyumba. Mama Kiingereza kinampiga chenga, lakini ramani ile anaisoma vizuri: anaijua kaunti yetu kwa umbo lake, anajua rangi nyekundu maana yake nini, na anajua mshale unaelekea wapi. Mimi nafanya kazi zamu ya usiku. Kwa hiyo nikiwa kazini, macho ya nyumba ni yake.

Maandishi ya kwenye kioo yalitoka kwa kampuni ya dishi. Yalisema mmiliki wa kituo anadai pesa kupita kiasi, na kwamba tupige simu kituoni tulalamike. Nikafungua tovuti ya kituo: pale waliandika kwamba kampuni ya dishi inakataa kulipa bei ya haki, tuipigie simu, na tukiweza tuhamie kwingine. Nilipiga kote kuwili. Kila upande uliniambia kwa upole mkubwa kwamba kosa ni la mwenzake. Ilinichoma, kwa sababu bili yangu nilikuwa nimeilipa kwa wakati, na kwenye bili ile ada ya chaneli za mji ilikuwa imo kama miezi yote.

Usiku ule, wakati wa mapumziko kazini, nilianza kusoma ugomvi huu unatokana na nini. Chanzo ni sheria ya mwaka 1992, iliyowapa wenye vituo haki ya kukataa chaneli zao kubebwa, yaani kurushwa kwa wateja, na kampuni za kebo na setilaiti bila idhini yao. Kila miaka mitatu kituo cha biashara huchagua: ama kilazimishe kubebwa bila kulipwa, ama kitoe idhini kwa malipo, yaani kiasi fulani kwa kila mteja kila mwezi. Mzunguko mmoja, kwa mfano, ni kuanzia Januari 2024 hadi mwishoni mwa 2026. Vituo vikubwa vyenye mpira na habari huchagua malipo, na sehemu ya pesa hiyo huenda kwa mitandao ya kitaifa ya televisheni inayowapa vipindi. Mkataba ukifika mwisho na bei haijakubaliwa, kampuni ya dishi hairuhusiwi tena kuirusha chaneli. Inazimwa papo hapo. Na kwa kuwa mmiliki mmoja huwa na vituo vingi, ugomvi mmoja unaweza kuwazimia watu wa miji mingi kwa mpigo.

Jambo moja ndilo lililonifanya niamini nimeelewa. Chaneli ya umma, ile isiyo ya biashara, haikuguswa. Nilidhani ni bahati, kumbe vituo vya aina hiyo havina haki ya kudai malipo ya idhini. Vina haki ya kubebwa tu. Ndiyo maana Mama aliendelea kutazama vipindi vya wanyama huku habari za mji zikiwa giza.

Nilijaribu njia ya mkato. Nilimwomba dada wa huduma kwa wateja aniwekee kituo cha mji jirani chenye mtandao uleule. Alinijibu kwamba haiwezekani, na safari hii alikuwa na hoja. Nchi imegawanywa katika masoko 210 ya televisheni, yaani maeneo ya utazamaji, na tangu sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2019, ruhusa ya kuleta kituo cha mbali kwa setilaiti imebaki kwa malori, magari ya kulala safarini, na masoko yasiyo na kituo cha mtandao huo. Sisi hatukuwamo.

Nikapeleka malalamiko FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani. Kujaza fomu kulinichukua robo saa. Tume haina mamlaka ya kuamuru chaneli irudishwe. Inachotaka ni pande mbili zijadiliane kwa nia njema. Lakini malalamiko yakishapelekwa kwa kampuni, inatakiwa ijibu ndani ya siku 30, na jibu lilipokuja lilikuwa limeandikwa na mtu aliyesoma nilichoandika. Walinipunguzia dola 5 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Niliandika tarehe, jina la kwanza la kila niliyeongea naye na alichoahidi, na nadhani daftari lile ndilo lililonisaidia kuliko kupandisha sauti. Kama nawe umezimiwa, dai punguzo. Ukinyamaza hupewi.

Ila punguzo halimwambii Mama kimbunga kiko wapi.

Mfanyakazi mwenzangu, fundi wa umeme, ndiye aliyenifungua macho. "Hiyo chaneli wanayoigombania," aliniambia, "inapita hewani juu ya nyumba yako muda huu, bure." Kwenye tovuti ya FCC kuna ramani: unaandika anwani yako, inakuonyesha kila mnara, uko upande gani na nguvu ya mawimbi yake pale ulipo. Mnara wa kituo chetu ulikuwa kusini-magharibi, na nguvu nzuri.

Nilinunua antena bapa, ile nyembamba kama karatasi, nikaibandika dirishani na kuiambia televisheni itafute chaneli. Zilikuja nyingi, zingine sijawahi kuzisikia. Ya bwana wa ramani haikuja. Niliihamisha antena dirisha kwa dirisha mpaka usiku wa manane, Mama amekaa na rimoti akinisubiri. Hakuna kitu.

Nilirudi kwenye ile ramani na safari hii nikasoma kwa makini. Namba unayoiona kwenye televisheni si lazima iwe namba ambayo kituo kinarushia. Tangu vituo vikubwa vilipohamia dijitali Juni 2009, vingi vilibaki na namba yao ya zamani kama jina tu. Chaneli zetu nyingi zilikuwa zinarushwa kwenye bendi ya mawimbi iitwayo UHF, chaneli za kati ya 14 na 36, ambako wimbi lina urefu wa kama nusu mita. Yetu ilikuwa kwenye bendi ya VHF, chaneli ya 11, ambako wimbi linafika mita moja na nusu. Antena ndogo ya bapa inalishika hilo kwa shida sana. Kinachotakiwa ni vyuma virefu, jumla sentimita 75 hivi kutoka ncha hadi ncha.

Nikabadilisha, nikachukua antena yenye mikono miwili ya kuvuta, nikaifunga kwenye reli ya roshani ikiangalia kusini-magharibi, na kuingiza kebo nene kupitia pembe ya mlango. Picha ikaja, lakini ilikuwa ikikatikakatika katika vipande vya mraba. Mama akaenda jikoni kuchemsha chai, akawasha taa, picha ikafa kabisa. Akazima taa, ikarudi. Tulirudia mara tatu, mimi nikiwa nimesimama mbele ya televisheni na yeye mkono kwenye swichi. Zile balbu za LED za bei nafuu zinatoa kelele za umeme zinazoingilia VHF. Kubadilisha balbu mbili kulimaliza tatizo lote.

Wiki iliyofuata msimamizi wa majengo alibandika karatasi mlangoni: antena iondolewe. Hapa nilikuwa nimejiandaa. Kuna kanuni ya FCC ya mwaka 1996 inayomlinda mpangaji anayeweka antena ya televisheni mahali panapotumiwa na yeye peke yake, kama roshani yake. Paa na korido za wote hazimo, lakini roshani yangu imo. Nilimwandikia barua fupi ya heshima, nikaambatanisha kanuni yenyewe, nikamwonyesha kwamba sijatoboa ukuta wala antena haivuki reli. Hakuniandikia tena.

Kwa Mama nilikata kipande cha plasta nyeupe, nikabandika juu ya kitufe cha kubadilisha chanzo cha picha kwenye rimoti, nikachora jua na wingu. Hakuhitaji maelezo zaidi.

Ugomvi wao uliisha baada ya siku 43. Asubuhi moja nilirudi kutoka kazini nikakuta chaneli imerudi kwenye dishi kana kwamba haikuwahi kuondoka, na ujumbe wa shukrani kwa uvumilivu wetu. Walikubaliana bei gani hatukuambiwa. Bado ninaumia kwamba wanaolipa ndio hawaulizwi, na ndiyo maana nimeandika haya yote.

Antena sikuishusha. Mwishoni mwa Mei, nikiwa kazini, mvua kubwa ilishuka juu ya mji, na mawimbi ya setilaiti hayapenyi mvua ya namna ile. Dishi likaandika kwamba hakuna mawimbi. Mama alibonyeza kitufe chenye jua na wingu, akamwona bwana wa ramani, akaona mshale ukielekea kaunti yetu. Aliponipigia simu, tayari alikuwa chini kwenye chumba cha dhoruba pamoja na jirani wa mlango wa pili, mjane aliyekuwa bado na dishi tu. "Tumeshashuka," alisema. "Na wewe usitoke hapo ulipo."

Kimbunga kilipita kaskazini yetu. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa yule jirani na antena ya pili, na Mama akanifuata ameshika plasta na kalamu.