Karafuu, bangi na harufu inayouzwa kama dawa

Swali ninaloulizwa zaidi kazini ni hili: ipi ya kulala, na ipi ya kuchangamka? Ninauza bangi katika duka lenye leseni Ontario, Kanada, ambako ni halali kwa watu wazima tangu tarehe 17 Oktoba 2018. Sheria ya hapa hairuhusu muuzaji kumwahidi mteja kwamba ua fulani litamtibu, na mimi naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, maana biashara hii imeipa harufu kazi ambazo haijathibitika kuziweza.

Ua la bangi lina vijinywele vidogo vyenye vichwa vya utomvu unaonata. Humo ndimo zinamotengenezwa THC, kemikali inayolewesha, na CBD, isiyolewesha, ambazo zenyewe hazinukii. Sehemu kubwa ya harufu hutoka kwa terpini, kemikali za harufu za mimea, na terpini si mali ya bangi peke yake. Mirsini imo kwenye maembe na mchaichai, limonini kwenye ganda la chungwa, pinini kwenye misonobari, linaloli kwenye lavenda na mrehani. Ule uvundo mkali unaopenya hadi nje ya mfuko ni kitu kingine: mwaka 2021 wanakemia wa Marekani walionyesha kwamba unatokana na kemikali za salfa, jamii moja na zile za kitunguu saumu, na kiasi kidogo sana kinatosha kuujaza ukumbi.

Terpini ninayoipenda mimi ni kariofilini. Nimekulia Pemba, na msimu wa karafuu kila nyumba ilikuwa na majamvi uani. Tulikaa chini kuchambua, karafuu upande huu, makonyo, yaani vijiti vyake, upande ule, na vidole vikibaki na ile harufu hata baada ya kunawa kwa sabuni. Makonyo hayatupwi, hukamuliwa mafuta. Ndani ya mafuta hayo eujenoli, kemikali kuu ya karafuu, ndiyo nyingi, na kariofilini huifuata kwa mbali. Nikifungua kopo la ua lenye kariofilini nyingi, naisikia ile harufu ya mti mkavu na pilipili manga ikija nyuma ya nyingine zote.

Nayo ina ushahidi wa maana. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba kariofilini hushika kipokezi cha CB2, sehemu ya seli inayopokea ujumbe wa kemikali, ambacho kimejaa kwenye seli za kinga, na kwamba ilipunguza uvimbe kwa panya. Haishiki CB1, kile kipokezi cha ubongoni ambacho THC hukitumia kulewesha. Ndiyo maana pilau halimleweshi mtu, hata likijaa karafuu na pilipili manga.

Terpini zilizobaki zinahitaji hesabu. Mzee mmoja wa Mombasa huja dukani jioni, namwamkia, naye huniita mwanangu. Siku moja alinionyesha simu yake: utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wa mwaka 2024, ambapo watu 20 walivuta THC pamoja na limonini, na wasiwasi unaoletwa na THC ukapungua.

"Kwa hivyo hii ya limau haitanitia hofu?"

"Mzee wangu, tupige hesabu kwanza."

Wasiwasi ulipungua hasa pale miligramu 30 za THC zilipochanganywa na miligramu 15 za limonini. Sasa chukua ua lenye THC asilimia 20 na limonini asilimia 0.5. Ili upate miligramu 30 za THC unahitaji miligramu 150 za ua, na humo limonini haifiki hata miligramu 1. Utafiti ni mzuri, ila kopo lile si dawa iliyopimwa pale. Mzee alichukua lenye THC ndogo, na huo ndio uamuzi ambao ningempa hata baba yangu.

Mirsini nayo husemwa inalaza. Ushahidi wake mwingi ni wa panya waliopewa dozi kubwa. Na yale majina ya indika, inayosemwa ni ya kulala, na sativa, inayosemwa ni ya kuchangamka? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dalhousie walionyesha mwaka 2021 kwamba hayalingani vizuri na nasaba ya mimea yenyewe. Yanaelekea zaidi kwenye terpini chache: mirsini ikizidi, ua huitwa indika.

Kabla ya kulipa, tazama tarehe ya kufungashwa. Terpini nyepesi kama mirsini na limonini huruka haraka, kariofilini hubaki, kwa hiyo ua lililokaa sana hunuka pilipili na mbao tu, hata kama lebo inasema machungwa. Na mafuta ya bangi ya kuvuta kwa kifaa cha umeme, yaliyoongezwa terpini, siyapendekezi kwa mtu yeyote ninayemjali. Terpini zikikutana na chuma chenye moto mkali sana huweza kuzaa benzini, na benzini husababisha saratani.