Usukani uliokuwa ukicheza
Kwa wiki mbili gari langu la umeme lilikuwa likiyumba kila nilipoteremka mteremko wa Kikafu nikitoka Moshi, nami nikailaumu mota ya usukani, kwa kuwa siku hizi kila kosa tunaisingizia kompyuta. Fundi wangu wa Boma Ng'ombe alianza na upepo: tairi la mbele kushoto lilikuwa na PSI 29, la kulia 41. Alipousawazisha, mchezo ulipungua lakini haukuisha. Akapiga jeki, akalitikisa tairi juu na chini, kimya. Akaweka mkono mmoja mbele na mwingine nyuma, akalitikisa tena, na hapo tairodi, fimbo ya chuma inayounganisha usukani na tairi, ikagonga "tok". Betri ni nzito, na naamini uzito huo, pamoja na mashimo ya njia ya nyumbani kwangu, ndio ulioila. Tairodi imebadilishwa, alaimenti, yaani mwelekeo wa matairi, imepimwa upya, na jana niliteremka Kikafu bila kuung'ang'ania usukani.