Nilivyoirekebisha stelingi ya baiskeli yangu ya kulalia yenye magurudumu matatu

Hii baiskeli nimeichomelea mwenyewe, magurudumu mawili mbele na moja nyuma, unakaa umeegemea miguu imetangulia. Fremu ilitoka vizuri, shughuli ikawa stelingi. Siku ya kwanza kwenye mteremko, spidi kama 25 hivi, ikaanza kuyumba, mara kushoto mara kulia, ukiugusa usukani kidogo tu inaruka, na ukishika breki ya upande mmoja inavutia huko huko mpaka mkono unauma. Matairi ya mbele nayo hayakumaliza hata mwezi, ukipitisha kiganja upande mmoja kunateleza, ukirudisha kunakwaruza. Tairi ikiwa hivo ujue inaburuzwa pembeni, haibingiriki sawasawa.

Nikaanza na breki. Nilichukua nondo nyembamba iliyonyooka nikaipitisha ndani ya bomba la kingipini, yaani ile pini ya wima ambayo gurudumu la mbele linageukia, mpaka ikagusa chini, ikatua sentimita 4 upande wa ndani kutoka pale tairi inapokanyaga, na hizo sentimita 4 ndo zilikuwa zinafanya breki igeuze gurudumu zima. Hapo hakuna nati ya kukaza, nilikata mabomba yote mawili nikayachomelea upya yakiwa yamelala zaidi, nondo ikatua katikati ya tairi. Ule mlalo wa kwenda nyuma niliuacha vile vile digrii 12, maana ndo unaorudisha usukani katikati ukiuachia.

Kwenye kona nako kulikuwa na shida, gurudumu la ndani linazunguka duara dogo kwa hiyo lazima likate zaidi ya la nje. Kwa vipimo vyangu, la ndani likikata digrii 30 la nje linatakiwa kama 22. Hesabu hii ni ya zamani sana, ya Georg Lankensperger, mtengeneza magari ya farasi wa Munich, na Rudolph Ackermann ndo aliyemsajilia hataza Uingereza mwaka 1818. Mimi nilitumia uzi tu: unaufunga katikati ya kingipini, unaupitisha juu ya tundu la tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele yakate pamoja), unauvuta mpaka nyuma, nyuzi zote mbili zinatakiwa zikutane katikati ya ekseli ya nyuma. Zangu zilikutana mbele yake, nikapinda kidogo ile mikono ya chuma inayoshika tairodi basi.

Ila kilichonisumbua zaidi ni kuyumba. Nilipima mara nne, mbele ya matairi na nyuma ya matairi umbali ni ule ule, halafu nikipanda inayumba vile vile. Mara ya tano nikamwambia mdogo wangu akae kwenye kiti, nikapima akiwa amekaa, nikakuta matairi yamepanuka mbele milimita 6! Yaani uzito wa mtu unabonyeza lile bomba la katikati linalobeba magurudumu, kingipini zinajipinda chini kwenda nje, na tairodi yangu iko chini ya hilo bomba tena nyuma ya ekseli ya mbele, kwa hiyo inavuta matairi ndani kwa nyuma, mbele yanafunguka. Siku zote nilikuwa napima baiskeli ambayo haina mtu, na mimi siendeshi baiskeli isiyo na mtu.

Namna ya kupima nayo ina maana. Weka alama ya chaki kwenye kila tairi mbele, usawa wa habu, pima kati ya alama hizo, kisha isukume baiskeli nusu mzunguko mpaka alama zile zile zifike nyuma, upime tena, hapo hata rimu ikiwa imepinda kidogo haikudanganyi. Tairodi yangu ina nyuzi za skrubu za kulia upande mmoja na za kushoto upande mwingine, ukiizungusha robo tu inabadilisha kama milimita 4 kwenye tairi, kwa hiyo usizungushe kwa pupa. Nilizungusha nusu kurefusha, mdogo wangu bado amekaa hajainuka, ikasoma milimita 2 kubana mbele, nikakaza loknati (nati ya kuifunga isizunguke) na kupima tena maana ukikaza inaweza kuhama.

Jioni ile ile nikarudi kwenye ule mteremko, nikafika 40, nikalegeza vidole kwenye usukani, ikashuka imenyooka mpaka chini. Matairi mapya yana miezi miwili sasa, napitisha kiganja kila wiki, pande zote kunateleza.