Uzoefu Wangu wa Kukagua Boti Ndogo ya Familia Kabla ya Kuinunua

Tulipoanza kutafuta boti ndogo ya injini yenye chumba cha chini upande wa omo, yaani mbele, nia yetu ilikuwa kupumzika majini mwisho wa juma, mimi, mwenzangu na watoto, bila kulazimika kurudi gatini kila mvua inapoanza au jua linapokuwa kali. Katika boti ya mita 6 hivi, chumba hicho kinafaa kumlaza mtoto, kubadilishia nguo na kuweka choo cha kubebeka, na mtu mzima huketi humo kwa kuinama. Kwa hiyo kila tulipopanda boti niliwaingiza wote ndani, nikafunga mlango, kisha nikaangalia kama kidirisha cha juu kinaingiza hewa ya kutosha na kama mtoto mkubwa anaweza kukifungua mwenyewe na kutokea juu ya sitaha. Boti moja tuliiacha kwa sababu hiyo tu, ingawa injini yake ilikuwa nzuri.

Wauzaji hupenda kuzungumzia saa ambazo injini imefanya kazi. Mimi nilikaa zaidi tezini, kwenye ukuta wa nyuma unaobeba injini, kwa sababu injini iliyochoka hubadilishwa, lakini ukuta uliooza humaliza boti nzima. Katika boti nyingi za zamani za faibaglasi ukuta huo una mbao katikati, na maji yakipenya kwenye tundu la skrubu lisilozibwa vizuri, mbao huoza huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Niligonga kwa nyundo ya plastiki, shibiri kwa shibiri: penye uzima sauti ilitoka kali na kavu, penye mashaka ikawa nzito na butu. Kisha niliishika injini kwa chini nikaiinua na kuishusha, mwenzangu akitazama kama ukuta unanesa.

Injini yenyewe nilimwachia fundi asiyejuana na muuzaji, apime mgandamizo wa kila silinda na aangalie oili ya gia, ambayo ikigeuka rangi ya maziwa huonyesha kwamba maji yameingia. Boti nyingine ilikuwa na injini ya petroli iliyofungwa ndani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, ndiyo maana feni ya kutolea hewa huwashwa kwa angalau dakika 4 kabla ya injini. Feni ya boti ile haikuzunguka, nami sikukubali hata injini iwashwe tukiwa ndani.

Katika majaribio ya majini nilisisitiza twende familia nzima, na mizigo yetu, baada ya kuhakikisha kwamba uzito wote haukuzidi ule ulioandikwa kwenye kibati cha boti. Boti inayonyanyuka upesi ikiwa na muuzaji peke yake inaweza kujikokota ikiwa imejaa, na injini isiyofikia mizunguko iliyotajwa na mtengenezaji mafuta yakifunguliwa yote huenda ina rafadha (panga linalosukuma boti) isiyofaa, au boti imenyonya maji. Tulipokwenda polepole turubai likiwa limefungwa, nilisikia harufu ya moshi ikirudi ndani. Jambo hili nalichukulia kwa uzito mkubwa, maana kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, haina harufu yenyewe, na watoto hulala chumbani. Tulifungua turubai mbele na nyuma mpaka hewa ikapita moja kwa moja.

Umbali wa safari zetu niliupima kwa theluthi: tangi la lita 120 lina lita 40 za kwenda, 40 za kurudi na 40 za akiba. Kwa matumizi niliyoyaona siku ile, zilitutosha.

Palibaki pampu ya ngama, ambayo swichi yake ya kuelea haikuwaka nilipoimwagia maji. Tulikubaliana muuzaji aibadilishe, na sehemu ya mwisho ya fedha niliitoa baada ya kuiona pampu ikifua maji yenyewe.